Kocha na Mikataba ya Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Nyeri haina jua la kusemwa. Ukungu unashuka asubuhi, unakaa mpaka saa tano, halafu manyunyu yanaanza na watu wanatembea na majaketi mawili mawili. Huo ndio mwezi ambao Kocha alikuwa na furaha kuliko miezi mingine yote. Huko Amerika ligi ya mpira wa vikapu inakuwa imefungwa, hakuna mechi hata moja, na wachezaji wanahama. Nani amesaini wapi, kwa miaka mingapi, nani amekataa ofa, nani amezungushwa na timu aliyoichezea tangu ujana: hizo ndizo zilikuwa habari zake. Ligi ikifunguliwa na mpira ukianza kudunda, anazima simu. Ukimuuliza nani alishinda fainali anakujibu, "Sijui, nilikuwa na kazi." Kazi gani, na mtu amestaafu.

Nimemjua zaidi ya miaka ishirini. Mjini wengine walimwita mwalimu, maana alifundisha jiografia kwenye shule yetu ya wasichana. Sisi tuliochezea timu yake tulimwita Kocha, na mimi mpaka leo siwezi kumwita kitu kingine. Yeye naye hakuita mtu jina, aliita namba ya jezi. Mimi ni Saba. Niko na watoto wawili, niko na duka la dawa za mifugo pale chini ya stendi, wakulima wa Mweiga wananiita Mama Ng'ombe, lakini yeye akiingia na ile kofia yake ya sufu ni, "Saba, umesikia?" Hata salamu hakuna. Mteja ameinama anachagua dawa ya kupe, yeye ananieleza habari za mlinzi wa timu moja ya huko ng'ambo aliyekatalia kiangazi chote bila kusaini.

Baraza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Mwenye duka ni Mhindi mmoja aliyezaliwa hapa hapa, duka alilifungua babu yake, na Kigikuyu chake kinanishinda mimi. Tulimwita Mzee wa Vitambaa. Pale nje kuna fundi anayeshona sare za shule, na wenye bodaboda wanaosubiri abiria, na benchi moja ndefu. Kocha anakuja saa nne na simu yake iliyopasuka kioo, anavaa miwani, anasoma habari za usiku wa Amerika, anazitafsiri na kuziongezea chumvi. Halafu mkataba unajadiliwa upya pale pale, maana Kocha hakuwahi kuona mkataba uliomridhisha.

Na walikuwa wanaujadili namna yetu, kama ruracio, yaani kama siku wazee wanapokwenda kwa kina msichana kuzungumzia mahari. Upande mmoja unakaa na msemaji wao, upande wa pili na wao, na mwenyewe anayezungumziwa hasemi kitu mpaka mwisho. Mzee wa Vitambaa siku zote alikuwa mwenye timu. Alisema amezaliwa mwajiri, atakufa mwajiri. Kocha alikuwa msemaji wa mchezaji.

"Sisi tulikuwa tunapita tu," Mzee wa Vitambaa anaanza, "tukaona mbuzi mzuri amechungulia kwa ua yenu."

"Huyo mbuzi ako na wenyewe."

"Tumesikia. Lakini pia tumesikia ako na miaka thelathini na tatu, na goti imechoka. Tunampa mwaka moja."

"Mwaka moja ni ya kujaribu viatu," Kocha anasema. "Huyu ni mtu."

Watu wanacheka, fundi anasimamisha cherehani, na wanaendelea hivyo mpaka manyunyu yaanze. Kila mara mwishoni, wakishakubaliana miaka, Kocha anatoa miwani na kuuliza lile swali lake: "Na akiumia je?" Alimuulizia kila mchezaji, mkubwa kwa mdogo. Ikawa mzaha wa mji. Wenye bodaboda wakimpita barabarani wanapaza sauti, "Kocha, na akiumia je?" naye anainua mkono. Mimi sikuwahi kucheka hapo, na yeye alijua kwa nini.

Nitaeleza, lakini kwanza nataka mumjue, kwa sababu mkianza na lile kosa lake mtamwona vibaya.

Uwanja wetu wa shule ulikuwa wa changarawe, na mpira wa vikapu ukishikwa na baridi ya Nyeri haudundi, unaanguka tu pale chini na kunyamaza. Kwa hivyo mwezi wa saba alituambia tuupashe joto kwa miili yetu. Kila msichana alikuwa na zamu ya kukaa na mpira ndani ya sweta tangu chakula cha mchana hadi saa ya mazoezi, hata darasani, na walimu wengine walishazoea kuona mtoto ana tumbo kubwa kwenye somo la kemia. Neti alizisuka yeye mwenyewe kwa kamba ya mkonge. Tukienda kucheza ugenini alibeba beseni la nduma zilizochemshwa, na yeye alikula zikibaki. Hazikubaki mara nyingi.

Kusifu hakujua. Ukifunga vikapu kumi mfululizo anasema, "Afadhali." Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa, na tuliligombania. Lakini siku moja tuko Kerugoya kwenye mashindano, jua kali, mwenzetu mmoja akachafua kaptura na hakujua. Kocha akaita muda wa mapumziko, akavua jaketi lake, akamfunga kiunoni, akasema, "Kuna baridi," kisha akaendelea kuchora mchezo chini kwa kijiti. Hakuna aliyecheka. Yule msichana ni mama mzima sasa na ukimtajia Kocha macho yanalowa.

Alikuwa mzee wa kanisa aliyetuombea kabla ya mechi na kumlaani refa kwa Kigikuyu kabla ya kipindi cha pili. Alituambia tusidanganye, halafu akaja kwetu kumdanganya mama yangu ati mpira wa vikapu unasaidia hesabu. Mama aliamini mpaka matokeo yalipotoka. Na huyu mtu aliyewatetea mamilionea wa Amerika asubuhi nzima, sokoni alikuwa hajui kupunguziwa hata kidogo. Anaambiwa bei ya viazi, analipa, anashukuru. Mke wake, Mungu amrehemu, alimkataza kabisa kukanyaga sokoni.

Sasa lile kosa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nimemaliza shule. Klabu moja ya Nairobi ikanitaka nikachezee timu yao na nipewe kazi ndogo ya ofisi. Baba yangu alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo watu wa klabu walipokuja nyumbani, Kocha ndiye aliyekaa mahali pa baba. Alivaa suti. Mama alipika kuku, akaazima vikombe kwa majirani. Walikuja wawili, wanaume wa heshima, wakakaa, na Kocha akaanza kama inavyoanzwa: mvua, barabara, ng'ombe. Akawaambia, "Huyu mtoto ni afadhali sana." Nilikuwa nyuma ya pazia na nusura niangushe sinia.

Wakatoa mkataba wao, karatasi moja na nusu. Kocha aliusoma polepole. Aliuliza nitalala wapi, nitakula nini, nitaenda kanisa gani, nikiumwa na jino ni nani atanipeleka. Alikuwa ameandika maswali yake kwenye kijikaratasi mfukoni, anachungulia, anauliza moja, anarudisha. Mwishowe akachungulia tena, akakaa kidogo, akakirudisha mfukoni bila kuuliza. Akaniita nitoke nyuma ya pazia. Kwetu, kwenye ruracio, wazee hawanywi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu kama wanywe, na akisema wanywe, basi amekubali.

"Saba," akasema, "tunywe hii chai?"

"Kunyweni," nikasema. Nilikuwa nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

Goti langu lilikatika mwezi wa saba uliofuata, tena mazoezini, si hata kwenye mechi. Walinipeleka hospitali mara ya kwanza. Halafu ikaja barua ya mistari miwili ya kunishukuru. Nikarudi Nyeri na magongo. Kocha alikuwa stendi ananisubiri, sijui aliambiwa na nani, akachukua begi langu, na tukatembea mpaka nyumbani. Mlangoni nikamuuliza ni kwa nini hakuwauliza nikiumia itakuwaje.

"Ilikuwa siku ya furaha," alisema. "Mtu haendi ruracio na kuuliza siku wakiachana itakuwa namna gani. Ni kama kuwaitia mkosi."

"Haikuwa ruracio, Kocha. Ilikuwa kazi."

Nikafunga mlango, na kwa miaka mitatu sikumsemesha. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nikimwona upande huu navuka barabara kwa mguu wangu mbovu naenda ule upande mwingine, nikitaka aone ninavyochechemea.

Aliyerudi ni yeye. Nilipofungua duka, Ijumaa ya kwanza akaingia, akavua kofia, akaomba kilo mbili za chumvi ya ng'ombe. Nikampimia. Ijumaa iliyofuata, kilo mbili. Alikuja hivyo karibu mwaka mzima, na Kocha hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Baadaye nilisikia ng'ombe wa jirani zake kule Kamakwa walilamba chumvi mpaka wakaichoka. Siku moja nikamwambia, "Kocha, hao ng'ombe wako watapasuka." Akasema, "Wako na hamu sana mwaka huu." Tukacheka, na tukaanza tena kuongea, lakini lile jambo hatukuligusa.

Halafu simu zenye intaneti zikafika, na Kocha akaanza habari za mikataba. Watu walifikiri ni uzee. Mimi niliwahi kuona daftari lake, lile alilofundishia jiografia, lenye ramani nyuma. Kila mchezaji aliyesaini alikuwa na mstari wake, na kwenye mstari hakukuwa na pesa wala timu. Aliandika tu: akiumia, wanabaki naye. Au: akiumia, wanamwacha. Kurasa na kurasa. Siku hiyo dukani aliniambia, "Saba, huko kuna mtu anavunjika kabisa, mwaka mzima hachezi, na bado ni mtu wao." Akageuka kutazama vyombo vya kulishia vifaranga kana kwamba anataka kununua. Ningemwambia kitu siku hiyo. Nilikuwa nacho cha kumwambia, tena kwa miaka mingi, lakini nilimuuliza tu kama anataka chai.

Mwezi wa saba uliopita alianguka jikoni kwake akavunja mkono. Alikuwa anaishi peke yake tangu mke wake, mama wa nyumba, afariki. Mtoto ni mmoja tu, binti, anafanya kazi kwenye ofisi za kaunti huko Kerugoya, na alikuwa anamwomba kwa miaka minne aende wakakae pamoja. Alikuwa anakataa. Sasa binti akaja na gari na kusema leo haondoki bila yeye. Mzee naye akakaa kwenye kiti na kushika meza kwa mkono mzima.

Mwenye bodaboda mmoja wa pale kibarazani akaingia dukani kwangu akitetemeka kwa baridi. "Mama Ng'ombe, Kocha amesema uvae vizuri uende. Ati wewe ndio ejenti wake."

Nilifunga duka mchana, kitu ambacho sifanyi. Nikamkuta sebuleni amevaa ile suti, mkono mmoja umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, tai imefungwa vibaya. Binti amekaa mbele yake na mkoba mapajani, amechoka macho. Na kando ya binti, kwa furaha tele, Mzee wa Vitambaa.

"Leo mimi ni upande wa binti," akaniambia. "Nimezoea kuwa tajiri."

"Shangazi, mimi nimekuja tu kumchukua baba," binti akanieleza. "Sikujua kuna mkutano."

"Mtu hachukuliwi," Kocha akasema akiangalia dari. "Kuna watu wa kuongea."

Juu ya meza kulikuwa na chupa ya chai na vikombe vinne, hakuna aliyemimina. Nikaketi upande wake. Mzee wa Vitambaa akakohoa, akasema walikuwa wanapita tu wakaona mzee mzuri amechungulia kwa ua, na wao kule Kerugoya wana nafasi. Nikasema huyo mzee ana wenyewe. Akasema wanampa miaka yote. Nikasema miaka yote ni maneno matupu, sisi tunataka mwaka mmoja, na ukiisha ni yeye mwenyewe wa kuongeza. Nikaomba chumba chenye dirisha la kuangalia mlima. Kocha akanong'ona kwamba Kerugoya mlima umekaa vibaya, umegeuka mgongo. Nikasema basi tutavumilia mgongo. Nikaomba bando za simu mwezi wa saba wote, na kila mwisho wa mwezi arudishwe kibarazani siku moja, na mtu yeyote asimwambie kwenda kulala kama mtoto. Binti alianza kuandika kwenye simu kwa mchezo, kisha nikaona ameanza kutabasamu, na bega limeshuka.

Basi likabaki swali moja. Sote tulijua limebaki. Mzee wa Vitambaa alikuwa ameshaanza kuchekelea, anangoja Kocha aliulize. Lakini Kocha alikuwa ameinama anaangalia viatu vyake, na nikaelewa hawezi kuliuliza yeye kwa ajili yake mwenyewe.

"Na akiumia je?" nikasema.

Hakuna aliyecheka.

"Ameshaumia," binti akasema. "Aumie namna gani tena?"

"Akishindwa kutembea. Akisahau jina lako. Akianza kukuamsha usiku, akichafua kitanda, akikutukana mbele ya watoto wako. Hapo itakuwaje?"

Binti akaweka mkoba chini. Alimwangalia baba yake, si mimi. "Atakaa," akasema. "Baba, utakaa. Ukiumia ndio utakaa zaidi."

"Iandike," nikamwambia. "Si kwa simu."

Kocha mwenyewe ndiye aliyeelekeza daftari lilipo, juu ya redio. Binti akaandika kwa kalamu, chini ya mchezaji wa mwisho, jina la baba yake na mstari wake: akiumia, tunabaki naye. Kocha alijaribu kuvua miwani kwa mkono mmoja, ikamshinda, nikamvulia.

"Saba," akasema polepole, "ile swali nilikuwa nayo kwa mfuko. Siku ile. Nilikuwa nimeiandika."

"Najua."

"Hujui. Ilikuwa ya mwisho kwa karatasi. Niliiona nikairudisha."

"Kocha, nilikuona. Nilikuwa nyuma ya pazia, nilikuona umechungulia karatasi na nikajua ni nini imebaki, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeiwaza usiku kucha." Nikaiweka miwani yake juu ya meza. "Niliomba Mungu usiulize. Nilitaka kwenda sana. Niliogopa ukiuliza wataona sisi ni watu wa shida, wachukue karatasi yao waende. Ulipoirudisha mfukoni nilishukuru. Na nimekuacha uibebe peke yako miaka yote hii, nikakufungia mlango, nikachechemea mbele yako makusudi."

Nje bodaboda ilikuwa inanguruma inangoja kunirudisha. Nilifikiri atakasirika, na alikuwa na haki. Aliniangalia kwa yale macho bila miwani, yanaonekana madogo, kisha akanishika goti, lile bovu, akalipigapiga mara mbili kama mtu anapima mpira kama umepata joto.

"Afadhali," akasema.

Mzee wa Vitambaa alipenga kamasi kwenye leso yake na kusema chai itapoa. Nikachukua chupa. Kisha nikakumbuka, nikairudisha mezani, nikamgeukia mzee wangu na suti yake na tai iliyopinda.

"Kocha," nikasema, "tunywe hii chai?"

Alichukua muda wake, kama msichana wa watu. Binti alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Kocha akaitazama ile nyumba, jiko alimoangukia, kiti cha mama wa nyumba, filimbi yake imening'inia kwenye msumari, halafu akakisukuma mbele kikombe chake kwa ule mkono mzima.

"Kunyweni," akasema.